Majira Mlangoni: Habari za Viumbe na Nyakati katika Nchi ya Chato

Wahenga walituusia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Usia huo hutajwa sana katika mambo ya ndoa na mali, bali mimi naona wafaa pia katika jambo ambalo wasomi wetu hawalipi uzito wake, nalo ni furaha aipatayo mtu kwa kutazama viumbe vya nchi yake vijavyo na kuondoka kwa majira. Kijana wa Chato akiulizwa habari za wanyama hutaja nyumbu wa Serengeti, ambao pengine hajawaona ila katika picha. Haulizwi, wala hajiulizi, ni ndege gani waliopita juu ya paa la nyumba yao mwezi wa Novemba. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba mambo ya mlangoni yana historia ndefu, na kwamba historia hiyo isipotiwa katika lugha yetu twaweza kupoteza vitu ambavyo hata majina yake hatukupata kuyashika.

Chato iko kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, karibu na ghuba iliyopewa jina la Emin Pasha. Zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Ilipata kuwa wilaya mwaka 2005, na mwaka 2012 ikatiwa katika Mkoa mpya wa Geita. Humo wanaishi Wazinza, Wasubi, Wasukuma na wengine wengi walioletwa na samaki, pamba na dhahabu. Mwaka wa nchi hii hauna theluji, lakini una nyakati zake. Vuli huanza yapata Oktoba, masika hushika Machi hata Mei, kisha kiangazi huikausha nchi mpaka mawingu yarudi.

Mvua ya kwanza ya vuli ikiisha kuloweka ardhi, kumbikumbi hutoka vichuguuni jioni moja kana kwamba wamepigiwa mbiu. Watoto huwakimbilia na vyombo, kuku hushiba wakalemewa, na mtu mzima mwenye shughuli zake husimama akatazama. Senene nao wana zamu yao. Upande wa kaskazini, Muleba na Bukoba, majira yao ni sikukuu isiyoandikwa katika kalenda yoyote. Zamani waliokotwa alfajiri majanini, mbawa zao zikiwa zimelowa umande. Siku hizi wengi huvutwa usiku kwa taa kali za umeme, wakagonga mabati na kuteleza ndani ya mapipa. Ziwani nako mwezi ndio saa. Katika usiku wa giza wavuvi wa dagaa huwasha taa zao, na upeo wa maji huonekana kama mji uliotia nanga. Katika siku za mwezi mwandamo mawingu ya wadudu wadogo huinuka majini kama moshi wa nyasi ziunguazo. Mgeni hudhani ni moto. Mwenyeji huyatazama akahesabu siku.

Yuko atakayesema kwamba huko si kufurahia maumbile, bali ni kutafuta kitoweo. Hoja hiyo siikubali. Mtu angojeaye kitu cha majira huitazama mbingu kwa makini kuliko yule aliyelipa nauli ya kupelekwa kutazama. Njaa na furaha zaweza kukaa katika jicho moja, na aliyekula senene utotoni hawezi kusikia mvua ya Novemba bila ya moyo wake kuruka.

Tuwaangalie sasa ndege. Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu wao waendako wakati wa baridi. Aristotle aliandika kwamba baadhi yao hujificha mashimoni, na hata katika karne ya 18 Linnaeus, bwana wa elimu ya kuainisha viumbe, aliamini kwamba mbayuwayu huzama katika maziwa wakalala chini ya maji mpaka joto lirudi. Mwaka 1822 korongo mweupe alipigwa risasi karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, akaonekana ana mkuki wa Kiafrika uliopenya shingoni mwake. Alikuwa ameruka nao kutoka bara hili hadi kwao, naye amehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 Hans Christian Mortensen wa Denmark akaanza kuwavisha ndege pete zenye namba, na taratibu njia zao zikajulikana.

Kisa hicho husimuliwa kama ushindi wa elimu ya Ulaya. Mimi nasoma ndani yake jambo jingine. Mkuki ule ulirushwa na mtu. Mtu huyo, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alimwona korongo nchini mwake katika miezi ambayo Ulaya haikumwona. Nusu ya jawabu ilikuwa kwake, ila hapakuwa na aliyemwuliza. Makorongo wa namna ile hupita hata leo katika nchi za Ziwa, wakifuata mvua pamoja na nzige na viwavijeshi, kisha hurejea kaskazini ifikapo Machi na Aprili.

Jambo la pili lataka kunyoshwa. Wengi hudhani kwamba pori ni mabaki ya siku ya kwanza ya dunia, ambayo mkono wa mwanadamu haukuyagusa. Historia yakanusha. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wasio na idadi katika Afrika Mashariki; njaa na ndui zikapunguza watu; malisho yakageuka vichaka, na vichakani mbung'o wakapata makao. Kisha ikaja malale. Katika pwani ya kaskazini ya Ziwa, upande wa Uganda, iliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na mwaka 1906 Robert Koch alikwenda visiwa vya Sese kuichunguza. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika iliwahamisha watu katika sehemu za Biharamulo na Uzinza, ikawakusanya katika makazi maalumu ili waepukane na mbung'o. Walikotoka, miti ikaota penye viwanja vya nyumba. Nchi iliyokwisha kuhamwa ndiyo nyepesi kuitwa pori. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707.

Kisiwa cha Rubondo, kilicho jirani, kina kisa kama hicho. Katika miaka ya 1960 wavuvi waliokaa humo walihamishwa, wakapelekwa visiwa vingine na bara. Kisiwa kikawa pori la akiba mwaka 1965, na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Nzohe, viboko na mamba walikuwamo tangu zamani. Sokwe hawakuwamo. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya waliachiwa humo kwa juhudi za Bernhard Grzimek na shirika lake la Frankfurt. Waliozaliwa huru wakakamatwa, wakafungwa ugenini, wakafunguliwa katika nchi nyingine ya ugenini. Nao walijifunza kutafuta riziki, na kizazi chao kingali humo. Sisemi haya ili kulaumu hifadhi, kwa maana zimeokoa mengi. Nasema ili mtazamaji ajue kwamba kimya cha msituni kina watu ndani yake.

Nimeacha ziwa lije mwisho, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Katika maji haya waliishi furu wa aina zaidi ya 500, wasiopatikana penginepo duniani. Madume yao wakati wa kuzaa huvaa rangi nyekundu, buluu na manjano kama kanga za arusi. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa ziwani. Miaka ya 1980 alizidi kwa wingi, na furu wakapukutika. Watafiti wa Leiden, waliokuwa wakiwachunguza katika ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977, walishuhudia viumbe wakitoweka kabla ya kupewa majina. Yakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilipotea. Chache zimeonekana tena baadaye.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapokosa usingizi. Kiswahili kiliwaita wote kwa neno moja: furu. Palipo jina moja, aina 200 zaweza kuondoka na jina likabaki zima, na msemaji asihisi kwamba amefiwa. Korongo naye ni vivyo hivyo. Neno hilo hubeba ndege wa nasaba mbalimbali, wa hapa na wa ng'ambo. Kizinza, Kisubi, Kikerewe na Kisukuma yaelekea zina majina tuliyoyakosa, yaliyo katika vinywa vya wazee ambao vuli zao zilizobaki si nyingi.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wa nchi hizi waanze kazi isiyohitaji fedha. Kila mmoja na awe na daftari, aandike siku ya kumbikumbi wa kwanza, siku ya korongo wa kwanza, na jina alilolitamka bibi yake alipomwona. Akiandika miaka 10 atakuwa na furaha. Akiandika miaka 40 ataacha historia. Korongo wa mwaka ujao watapita juu ya Chato kama walivyopita kabla ya mkuki wa mwaka 1822, na safari hii yafaa wamkute mtu mlangoni anayewajua kwa majina.