Milango Mitatu ya Spika

Mtu akiigeuza spika ya siku hizi, ile yenye kikuza sauti chake ndani, ataona nyuma yake matundu ya namna namna. Moja ni la mviringo, upana wake kama wa penseli. La pili ni dogo, lina ukingo wa chuma uliotokeza nje. La tatu ni kubwa kuliko hayo, na ndani yake mna vitundu vitatu. Wengi hudhani ya kuwa matundu hayo yametofautiana kwa umbo tu, na kwamba waya ukikubali kuingia, kazi imekwisha. Sivyo. Kila tundu lilizaliwa katika kazi yake mbali, na kila moja lina desturi zake. Twapenda kueleza asili yake, kwa kuwa asiyezijua desturi hizo aweza kuinyamazisha sauti ya msemaji mbele ya watu waliotoka mbali kuja kumsikiliza.

Tuanze na sauti ya mtu mmoja. Katika mji wa Napa, California, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenziwe Edwin Pridham waliunda spika yenye tarumbeta wakaiita Magnavox, na tarehe 24 Desemba 1915 wakaionyesha hadharani San Francisco. Tarehe 19 Septemba 1919, Rais Woodrow Wilson wa Marekani alisimama mbele ya watu wapatao 50,000 katika uwanja wa San Diego. Alikuwa akizunguka nchi yake kuwasihi watu waukubali Ushirika wa Mataifa, na afya yake ilikuwa imedhoofu sana; siku 13 baadaye alipatwa na kiharusi. Hapana koo la mwanadamu, hata la mtu mzima wa afya, liwezalo kufikisha maneno kwa umati kama ule. Siku ile vyombo vya Magnavox vilimsaidia.

Lakini wakati ule kila kitu kilikuwa peke yake. Maikrofoni ilikuwa hapa, kikuza sauti pale, na tarumbeta mahali pengine, vyote vimeungwa kwa nyaya. Kikuza sauti chenyewe, ambacho wengi hukiita amplifaya, kilitokana na chombo cha kioo kilichobuniwa na Lee de Forest mwaka 1906, kilichofanana na globu ya taa. Ndani yake umeme mdogo uliweza kuutawala umeme mkubwa, kama vile mkono wa mtoto uwezavyo kufungua bomba lenye maji ya nguvu.

Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wa kampuni ya General Electric, walieleza namna mpya ya spika, yenye koni isukumwayo na koili ya waya iliyo katikati ya sumaku. Mwaka uliofuata ikauzwa spika ya Radiola 104, ambayo kikuza sauti chake kilikuwamo ndani ya sanduku lile lile. Huu ndio ukoo wa spika zetu. Baadaye, mwaka 1978, kampuni ya Genelec ya Finland ilianza kazi kwa spika ya S30, yenye vikuza sauti ndani, iliyoundwa kwa ajili ya shirika la redio la nchi hiyo, Yle.

Kikuza sauti kilipoingia ndani ya sanduku, muundaji wa spika alipata mzigo mpya: hakuweza tena kujua ni mgeni gani atakayebisha hodi. Kwa hiyo ilimpasa kuweka mlango kwa kila mgeni.

Mlango wa kwanza, ule wa upana wa penseli, ulitoka katika nyumba za simu. Katika karne ya 19 watumishi wa simu walikaa mbele ya ubao mkubwa wenye matundu, wakamuunganisha msemaji na msikilizaji kwa kuchomeka plagi. Upana wa plagi ile ni milimita 6.35, yaani robo ya inchi, nao haujabadilika hata leo. Mlango wa pili, ule mdogo, uliletwa na kampuni ya RCA katika miaka ya 1930, ili gramafoni iweze kuungwa na redio nyumbani. Mlango wa tatu, wenye vitundu vitatu, ni wa kampuni ya Cannon ya Los Angeles. Huitwa XLR, na ndio utumikao katika studio na majukwaani.

Sasa tutazame nguvu za wageni hao. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, mara nyingi milivolti chache tu. Vyombo vya nyumbani vya kuchezea muziki hutoa, kwa kipimo cha desturi, volti 0.316. Vyombo vya studio hutoa volti 1.23. Basi chombo cha studio chaweza kuwa na nguvu mara mia kadhaa kuliko maikrofoni. Kwa sababu hiyo, ndani ya spika mgeni dhaifu hupitishwa kwanza katika kikuza kidogo cha kumtia nguvu, kisha ndipo apelekwe kwenye kikuza kikubwa kisukumacho koni. Ukiileta maikrofoni katika njia ya wenye nguvu, utasikia mnong'ono tu. Ukimleta mwenye nguvu katika njia ya maikrofoni, kikuza kidogo hulemewa, na sauti hutoka imekwaruza na kupasuka. Nao umeme utokao katika kikuza kikubwa cha nje usiingizwe kabisa katika matundu haya. Kikuza cha wati 100 kiendeshacho spika ya ohmu 8 hutoa volti 28 hivi; huo si ugeni tena, ni uvamizi.

Liko na jambo la pili, nalo ni mvumo. Waya mrefu huokota mvumo wa umeme wa nyumba kama nguo iokotavyo vumbi. Watu wa simu waliipata taabu hii mapema, na mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipewa hati ya ubunifu wa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mlango wa XLR hufuata hekima hiyo. Sauti huletwa na nyaya mbili, moja ikipanda wakati nyingine ikishuka, na waya wa tatu huzifunika kama ala. Mvumo wa njiani huziingia zote mbili sawasawa. Kikuza cha mlangoni hupokea tofauti ya nyaya hizo tu. Kilicho sawa katika zote mbili hukitupa. Hivyo sauti hupita, na mvumo hubaki nje. Tundu la RCA halina ulinzi huu, ndiyo maana waya wake yafaa uwe mfupi.

Lakini hekima hiyo hiyo yaweza kuleta msiba. Plagi ya penseli nayo yaweza kuwa na njia tatu, na spika nyingi huitumia kama XLR, kwa kupokea tofauti. Fikirini mtu aliyerekodi mawaidha ya marehemu baba yake, naye ataka jamaa waliokusanyika wayasikie. Achukua waya wa njia tatu kutoka tundu la vichwa vya kusikilizia, mahali penye sauti ya kushoto na ya kulia, auingiza katika spika. Sauti ya mzee ni sawa kushoto na kulia. Kikuza cha mlangoni hakimjui mzee. Huona kitu kilicho sawa katika nyaya mbili, basi hukitupa kama mvumo. Jamaa husikia kimya, au mwangwi wa mbali tu, na mwenye spika hudhani chombo kimekufa. Kumbe chombo ni kizima, tena kimefanya kazi yake barabara. Dawa yake ni waya unaopeleka upande mmoja tu, au kisanduku cha kuchanganya pande mbili kabla ya kufika mlangoni.

Siku hizi liko tundu moja lipokealo XLR na plagi ya penseli pamoja, nalo limewazidishia wengi makosa, kwa kuwa mara nyingi XLR huelekea kikuza cha maikrofoni, na plagi huelekea njia nyingine.

Basi kabla ya kuchomeka waya, yatupasa kuuliza maneno matatu. Mgeni huyu ana nguvu kiasi gani? Amekuja kwa waya mmoja wa sauti au kwa nyaya mbili? Na nyaya hizo mbili zimebeba sauti moja iliyopinduliwa, au sauti mbili za kushoto na kulia? Majibu yakipatikana, na yafanyiwe jaribio watu hawajaketi, kitasa cha sauti kikiwa chini. Msemaji huja na maneno yake tu. Kuyafikisha ni amana ya mwenye kushika waya.