Inapiga Kanda?

Bibi yangu hana maneno mengi. Alipokuja kuishi nami Tabata, akitokea Pangani na begi moja, mkeka na kopo la biskuti lililofungwa kwa utepe, aliitazama sebule yangu taratibu: kochi, meza, luninga ukutani. Kisha akauliza, “Hapa mnasikiliza nini?”

Nikamwonyesha kispika changu cha blututhi, kidogo kama kikombe cha chai. Nikatafuta taarabu kwenye simu, nikaiweka. Alisikiliza kwa adabu, kama mgeni anayekula chakula asichokipenda. Wimbo ulipokwisha akauliza, “Inapiga kanda?”

Nikacheka. Nikamwambia kanda zimepitwa na wakati, Bibi. Hakujibu. Kopo lake alilisukuma chini ya kitanda, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wakati huo nilikuwa nimeshatenga shilingi laki nne kwa ajili ya muziki wa sebuleni, na nilikuwa na hakika ya nitakachonunua: sabufa. Jumamosi moja nikashuka Kariakoo. Kila duka lilikuwa limeweka spika zake barabarani, kila moja ikijaribu kuizima ya jirani. Muuzaji mmoja alinionyesha boksi lililoandikwa wati elfu kumi PMPO. Nikaigeuza sabufa yenyewe nikasoma kibandiko cha nyuma: umeme inaotumia ni wati 60. Hakuna spika inayoweza kutoa kwa muda mrefu nguvu kubwa kuliko inayopokea kwenye soketi. PMPO ni namba isiyo na kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda hujiandikia ipendavyo.

Nilikwenda kupumzika kwa fundi wa redio mwenye kibanda nyuma ya mtaa ule, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nikamweleza shida yangu. Naye, bila kuinua kichwa, akauliza, “Unataka kusikiliza nini?”

Lilikuwa swali la Bibi. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua sebule zetu zilifikaje hapa, na kwa nini bibi yangu anauliza habari ya kanda kama mtu anayemuulizia ndugu yake.

Nikianzia mbali kidogo, mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Sauti yake ilirudi ikiwa imechorwa kwenye sahani nyeusi, ikapigwa kwa gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Waliomiliki mashine hizo walikuwa wachache. Wengi walimsikiliza migahawani, wakinywa kahawa, mashine ikiwa ya mwenye mgahawa. Tangu mwanzo, basi, chombo cha muziki kwetu kilikuwa cha mtu mmoja na masikio yalikuwa ya watu wengi.

Redio ilifuata njia hiyohiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Baada ya uhuru, mwaka 1965, shirika lililokuwa limerithiwa lilivunjwa ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali moja kwa moja. Redio za transista zilikuwa zimeshaingia, ndogo, za kutumia betri kavu, na nyumba isiyo na umeme ikaweza kuwa na sauti. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, hotuba yake iliitwa “Kupanga ni Kuchagua”. Jina hilohilo likapewa kampeni ya elimu kwa redio. Mwaka 1973 ikaja kampeni kubwa zaidi, Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza habari za malaria, kichocho na vyoo, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo hivyo.

Nikifikiria redio iliyowekwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma, sioni tena pambo. Naona kitu kilichokuwa shule, baraza na gazeti kwa wakati mmoja. Anayeshika kitufe cha redio hiyo alikuwa na madaraka. Kwa Bibi, kitufe kilikuwa cha Babu.

Muziki wenyewe ulikuwa na shida yake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilitegemea Nairobi. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Mwenye mashine ya santuri sebuleni akabaki na zilezile alizokuwa nazo. Nyimbo mpya zilirekodiwa kwenye studio za Redio Tanzania, na kuzisikia ulilazimika kusubiri zipigwe. Au uwe na redio kaseti.

Kampuni ya Philips ilikuwa imeionyesha kaseti kwa mara ya kwanza huko Berlin mwaka 1963. Ndani yake mna utepe usiofika upana wa milimita 4, unaotembea chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Kwa kupima sauti peke yake, santuri iliishinda. Lakini kaseti ilikuwa na kitufe chekundu. Kwa mara ya kwanza chombo cha sebuleni kiliweza kusikiliza pia. Ungeukamata wimbo redioni usiku ukaupiga asubuhi. Na asiyejua kuandika angeweza kutuma barua.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Bibi. Mdogo wake wa kiume alikwenda Maskati katika miaka ya sabini, kama walivyokwenda wengi wa pwani baada ya Oman kufungua milango kwa wenye asili ya huko. Bibi hakusoma shule. Barua zilikuja kwa kanda, zikiletwa na wasafiri. Na kwa ajili ya kanda hizo, kwa shinikizo la Bibi, Babu alinunua redio kaseti ya spika mbili. Ilikuwa 1981, mpaka umefungwa, madukani hakuna hata sabuni. Redio iliingia kwa jahazi kutoka Mombasa, usiku. Risiti haikuwapo.

Machi 1983 ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikisimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Shabaha ilikuwa walanguzi wakubwa, na wananchi wengi waliishangilia. Lakini hofu haichagui. Watu walitupa mali mitoni na kuziacha njiani usiku, wakiogopa kuulizwa zilikotoka. Babu alikuwa karani. Alijua thamani ya karatasi na alijua kwamba hana. Usiku mmoja alichimba shimo nyuma ya jiko, akaitia redio ndani ya gunia, akaifukia. Bibi ndiye aliyeshika kibatari.

Kisha ikanyesha masika.

Walipoifukua ilikuwa imejaa maji na kutu. Babu aliiweka juani siku nne. Haikuwaka. Novemba mwaka uleule mpaka wa Kenya ulifunguliwa, na mwaka 1984 serikali ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Redio kaseti za aina ileile zikapangwa madukani mchana kweupe. Babu hakununua nyingine. Bibi anasema hakukuwa na pesa. Baadaye, akiwa anachambua mchele, akasema pia kwamba Babu hakupenda tena kuiona.

“Na kanda?” nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. Wiki moja kabla ya shimo lile, msafiri alikuwa ameleta kanda mpya. Babu alikataa isipigwe, majirani wasije wakasikia. Mdogo wake alifariki kulekule Maskati mwaka uliofuata. Kanda ile Bibi hajaisikia. Miaka yote hiyo aliihifadhi kwenye kopo la biskuti, pamoja na nyingine tatu. Sikumuuliza kwa nini hakuipeleka kwa jirani. Kitufe cha nyumba ya mtu kina mwenyewe, na barua ya ndugu yako huisomi mbele za watu.

Nilirudi kwa fundi. Sasa nilikuwa na jibu la swali lake. Alinitafutia amplifaya ya mtumba, spika mbili za mbao za ukubwa wa wastani na deki ya kaseti. Alibadilisha mpira wa kuzungusha, ambao hulegea na kuwa kama ubani uliotafunwa, akasafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti na pamba. Vyote kwa shilingi laki tatu na nusu. Akanifundisha nisizibane spika kwenye kona, maana besi huvimba na maneno hufifia, na nitandike zulia, kwa kuwa vigae vitupu hurudisha mwangwi. Kanda ya Bibi aliifungua kwa bisibisi ndogo. Kile kipande cha kitambaa kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa kilikuwa kimebanduka, akakigundisha kingine. “Msiirudishe nyuma kwa kasi,” akasema. “Ikikubali mara ya kwanza, irekodi hapohapo.”

Usiku ule nilizima feni ili tusikie. Niliunganisha simu yangu ili inase sauti, nikataka kubonyeza. Bibi akaushika mkono wangu, akaniuliza kitufe ni kipi. Akabonyeza mwenyewe.

Mchakato wa kanda ulisikika kama mvua ya mbali. Halafu kikohozi, na mtu akisogeza kiti. Sauti ilikuwa ya kijana, mwembamba wa sauti, mwenye lafudhi yetu ya Pangani isiyoguswa na Uarabuni.

“Shikamoo, dada,” ikasema.

Bibi akakaa wima kwenye kochi, akavuta khanga yake begani.

“Marahaba,” akaitika.