Kura ya Fukara, Putney 1647

Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alikwisha kushindwa vitani, na tarehe 28 Oktoba 1647 askari waliomshinda walikutana kanisani Putney, kando ya mto Thames, Oliver Cromwell akiongoza kikao. Kesho yake ndipo hoja ilipopamba moto: nani astahili kupiga kura?

Henry Ireton, mkwe wa Cromwell, alishikilia sheria ya tangu 1430, iliyodai ardhi ya kuingiza shilingi 40 kwa mwaka. Asiye na ardhi, kwake, leo yupo, kesho hayupo, ataitunzaje nchi? Kanali Thomas Rainsborough akamjibu kuwa hata fukara wa mwisho ana maisha yake, na hafungwi na serikali asiyoiridhia.

Kila ninapofundisha mjadala huu nasimama na Rainsborough. Askari wale walikuwa wamemwaga damu. Walidaiwa uaminifu gani zaidi? Linaloniuma ni Maximilian Petty, wa upande huohuo, kukubali watumishi na ombaomba waachwe nje, eti anayemtegemea bwana ataogopa kumuudhi. Wanawake hawakufikiriwa kabisa.

Tunayajua haya kwa sababu katibu William Clarke aliyanakili kwa hati mkato. Yalichapishwa 1891.