Ritungu na mazoezi ya mwili
Ritungu ni kinubi kikubwa cha Wakurya wa Tarime na Serengeti, chenye nyuzi nane na sauti nzito. Ngoma inayoongozwa nacho ni zoezi kamili, kwani mwili mzima hufuata mdundo mmoja. Faida ya muziki katika mazoezi si dhana tupu. Mapitio ya tafiti 139 yaliyochapishwa mwaka 2020 na Peter Terry, Costas Karageorghis na wenzao yalionyesha kuwa muziki huongeza raha ya mazoezi, hupunguza hisia ya uchovu na kuinua ufanisi, ingawa kwa kiasi kidogo. Mfano ni wa Februari 1998, mjini Birmingham, ambapo mkimbiaji Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ukumbini huku wimbo "Scatman" ukipigwa uwanjani.

Wapinzani husema mtu anayejikaza hadi ukomo hausikii tena muziki. Mara nyingi ni kweli: juhudi zikizidi, pumzi na maumivu huteka akili. Lakini hilo linamhusu zaidi mshindani. Anayetafuta afya hujishughulisha kwa wastani, na hapo mdundo humfaa sana. Kinachomrudisha kesho yake ni raha, na ngoma humpa raha hiyo akiwa na wenzake, jambo ambalo visikizi vya masikioni haviwezi.