KUTOKA JANI HADI DAWA: HISTORIA YA UA LA MADAGASKA

Katika Kiswahili cha Kongo, neno munganga, ambalo shina lake la Kibantu lilimtaja mtabibu wa jadi, leo humtaja daktari wa hospitali. Nalo neno dawa hubeba kwa pamoja jani linalochemshwa nyumbani na chupa ya sindano. Umoja huo wa maneno una ukweli wake, lakini huificha safari ndefu iliyopo kati ya jani na chupa. Historia ya ua moja yaidhihirisha safari hiyo.

Mmea huo, Catharanthus roseus, ambao Wafaransa huuita pervenche de Madagascar, asili yake ni Madagaska. Kwa uzuri wa maua yake, ulienezwa bustanini katika nchi nyingi za joto. Huko Jamaika, watu walikunywa maji ya majani yake ili kutuliza kisukari.

Mwaka 1952 Dakta Clark Noble wa Kanada, aliyewahi kushiriki utafiti wa insulini, alipokea kutoka Jamaika bahasha yenye majani 25 ya mmea huo. Alimkabidhi nduguye Robert Noble, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Panya walionyweshwa maji ya majani hayo hawakupungukiwa na sukari katika damu. Walipodungwa sindano, walikufa kwa maambukizo, kwa sababu uboho wao ulidhoofika na chembe nyeupe za damu zikapungua mno. Robert Noble akatambua kwamba kinachopunguza chembe hizo huenda kikaitibu saratani ya damu. Mwanakemia Charles Beer akaitenga vinblastini, na matokeo yakatangazwa mwaka 1958. Wakati huohuo Gordon Svoboda wa kampuni ya Eli Lilly, Marekani, alikuwa akiuchunguza mmea huohuo. Kampuni hiyo ikatoa pia vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Dawa hizo mbili huzuia seli kugawanyika. Hadi leo vinkristini hutumika kutibu saratani ya damu ya watoto, na vinblastini ugonjwa wa Hodgkin.

Historia hii ina mafunzo matatu. Kwanza, ujuzi wa wenyeji uliuonyesha mmea, ingawa ugonjwa uliotibiwa ulikuwa mwingine. Ndiyo maana Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 unadai faida igawanywe kwa haki kati ya watumiaji wa mimea na nchi inakotoka. Pili, nguvu inayoangamiza saratani ndiyo inayodhoofisha uboho. Hivyo kipimo ni sehemu ya dawa. Inakadiriwa kwamba gramu 1 ya vinblastini hudai kilo 500 za majani makavu. Kikombe cha majani hakina kipimo kinachojulikana: chaweza kumdhuru mgonjwa bila kumponya. Tatu, maabara nyingi hutangaza kwamba dondoo za mimea zina antioksidanti, yaani viambato vinavyozuia uharibifu utokanao na oksijeni mwilini. Sifa hiyo ikionekana katika chupa ya maabara, haithibitishi kwamba saratani itapona. Vinblastini yenyewe haikupatikana kwa njia hiyo.

Kwa hiyo, hapana budi kuyaandika majina ya mimea na matumizi yake kabla wazee wanaoyajua hawajatoweka. Kazi hiyo ni ya wanaisimu pia. Lakini jina lililoandikwa ni mwanzo wa uchunguzi tu. Mgonjwa aliyeacha sindano akachagua jani hawezi kungoja uchunguzi huo umalizike.