Ile chai ya kupunguza tumbo ni sanamaki, na sanamaki si kitu kipya

Wasee, kuna video nimeifuta wiki jana. Wengi wenu mliiona: niko jikoni kwetu Kitengela, nimeshika kikombe, nawaambia kilo 3 zimeisha ndani ya siku 7. Mizani haikudanganya, kilo zilitoka kweli. Shida ni kwamba sikujua zilikuwa kilo za nini. Tangu hapo nimesoma historia ya hiyo chai na naona nina deni kwenu.

Pakiti ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na picha ya dada mwenye kiuno cha nyigu. Muuzaji aliniambia ni kitu kipya, ndio kimeingia tu nchini. Unakunywa usiku, asubuhi unashinda chooni. Siku za kwanza nilifurahi bana, tumbo limelala kabisa. Wiki ya pili likaanza kuninyonga usiku, nayo misuli ya miguu inakazana. Halafu siku moja niko kwa matatu naenda Kajiado kwa rafiki yangu, tukifika hapo Isinya moyo ukaanza kuruka ruka kama una safari yake. Nilishuka nikakaa chini kando ya barabara. Daktari aliyenihudumia aliuliza swali moja tu kabla ya kunipima: "Umekuwa ukinywa nini?" Vipimo vilionyesha potasiamu imeshuka, na hayo ndiyo madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa.

Jibu la ile pakiti sikulipata kwa intaneti. Nililipata kwa mama mmoja wa Mombasa anayeuza mahamri karibu na ploti yetu. Alimwaga majani kwenye kiganja, akanusa, akacheka. "Hii si sanamaki hii? Mwanangu, hii ni ya mtu aliyefunga choo, siku mbili tatu basi. Wewe wainywa kila siku wafunguza nini?"

Sanamaki. Jina lenyewe limetoka kwa Kiarabu, maana yake ni sana ya Maka. Waganga wa Kiarabu wameiandikia kama dawa ya kufungua choo kwa zaidi ya miaka 1,000, na kupitia kwao ikafika Ulaya. Ile ya Sudan ilipitishwa kwa bandari ya Misri hadi wanunuzi wa Ulaya wakaiita sana ya Alexandria. Pwani yetu iliijua zamani, ndiyo maana ina jina la Kiswahili na mama wa mahamri aliitambua kwa pua. Kwa hiyo "kitu kipya" nilichouziwa kina umri kuliko Nairobi yote.

Na hapa ndipo kilo zangu zilipokuwa. Chakula kinafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki inafanya kazi chini zaidi, kwenye utumbo mpana: bakteria wanaivunja, inauchokoza utumbo ujikaze, na maji yanabaki na kutoka na choo. Inachukua saa 6 hadi 12. Hiyo chapati ya jioni ilishaingia mwilini zamani. Kinachotoka ni maji, na maji yanatoka na madini, pamoja na ile potasiamu. Ukinywa soda mbili na maji ya kutosha, kilo zinarudi. Mafuta hayajaguswa.

Nilipopona nilienda Kajiado tena, nikapewa supu ya nyama iliyochemshwa na magome ya olkiloriti. Nikamuuliza mzee wa boma kama inapunguza mwili. Alinitazama kama nimepotea. Kwao hiyo dawa inawekwa ili nyama ishuke vizuri mtu aweze kula zaidi! Hilo ndilo lilinigonga. Hawa wa Pwani na hawa wa Kajiado wote walikuwa na dawa zao za tumbo, na zote mbili kazi yake ilikuwa tumbo lifanye kazi. Dawa ya kufanya mtu awe mwembamba ni stori nyingine, na hiyo tuiangalie Marekani.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wafanyakazi wa viwanda vya baruti Ufaransa walianza kukonda, kutokwa na jasho na homa, na wengine wakafa. Kemikali iliyokuwa ikiwafanyia hivyo inaitwa DNP. Mwaka wa 1933 watafiti wa Stanford wakaitangaza kuwa inapunguza uzito. Na ni kweli inapunguza, manze, inachoma mwili kutoka ndani. Watu wakaanza kupofuka kwa mtoto wa jicho, na mwaka wa 1938 ikatangazwa kuwa haifai kwa binadamu. Miaka ya 1990 ikaja fen-phen. Madaktari waliiandika mamilioni ya mara hadi Septemba 1997, ilipogundulika inaharibu vali za moyo na nusu yake ikaondolewa sokoni. Novemba mwaka huo huo, miezi miwili tu baadaye, Marekani ikaidhinisha nyingine, sibutramine. Nayo ikaondolewa 2010, kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Sibutramine ndiyo inanikosesha usingizi. Baada ya kupigwa marufuku haikupotea. Wakaguzi wa dawa nje wameikuta mara nyingi ndani ya kahawa, vidonge na chai zinazouzwa kama "mitishamba tupu", bila kuandikwa kwa pakiti. Yangu iliandikwa sana peke yake. Kama kulikuwa na kingine ndani sitawahi kujua, maana pakiti niliitupa.

Siku hizi stori ni sindano. Ozempic iliidhinishwa 2017 kwa ajili ya kisukari, na hiyo ni dawa halisi yenye utafiti, lakini Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu feki zake. Mtu akikuuzia kwa inboksi bila daktari, jiulize anajuaje iko na nini ndani.

Kama ulinunua ile chai kwa sababu yangu, pole sana. Kama moyo unaruka au miguu inakazana, enda hospitali leo, na ubebe pakiti. Usiitupe kama mimi.

Video nimeifuta kwangu, lakini kuna akaunti mbili zilishaipakua na bado zinauza nayo. Sura ni yangu, sauti ni yangu, wameongeza tu namba ya simu chini. Nimewaandikia mara nne. Jana mmoja alijibu, akaniuliza kama nataka nipewe bei ya jumla.