Majengo kwa Maana Zake Mbili: Nyumba ya Mbao ya Goma na Suala la Uasilia

Miji mingi ya Afrika Mashariki ina mtaa uitwao Majengo. Upo Mombasa, upo Nairobi katika eneo la Pumwani, upo Moshi na Dodoma. Na msomaji akivuka mpaka wa magharibi wa Rwanda ataukuta tena Goma, makao makuu ya Kivu ya Kaskazini, katika komini ya Karisimbi. Wanahistoria wa miji wamezoea kulitaja jina hili pasipo kulitazama. Lakini wingi huu wa neno jengo una maana mbili. Ya kwanza, iliyo dhahiri, ni nyumba zilizokwisha simama. Ya pili, ambayo kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 ziliitaja na ambayo siku hizi imefifia, ni vifaa vya kujengea: miti, mawe, kamba, udongo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba huko Goma maana hizi mbili hazijatengana, na kwamba anayetaka kuikarabati nyumba kongwe ya mtaa wa Majengo bila ya kuipotezea sura yake hana budi kuanzia hapo.

Fikra zetu juu ya kuhifadhi nyumba zimetoka karibu zote pwani, nazo ni fikra za mawe. Zanzibar iliunda mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe mwaka 1985. Mji huo ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Funzo kuu la mafundi wa huko ni la chokaa. Ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa hupitisha unyevu. Ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani, lipu hubanduka, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza pasipo mtu kuona. Kwa hiyo nyumba ya pwani huhifadhiwa kwa kutunza kile ilichojengwa nacho, na asiyejua chokaa asiiguse. Gharama ya kuchelewa tuliiona tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka ukarabati ukiendelea na kuua watu wawili.

Fikra hii ikipelekwa Goma inakwama mara moja. Nyumba ya kawaida ya Majengo imejengwa kwa mbao, na ubao unaopigwa na mvua za Kivu haudumu kama jiwe. Kila baada ya miaka kadhaa ubao mmoja hutolewa na mwingine hupigiliwa mahali pake. Yamkini ipo nyumba ya miaka 40 isiyokuwa na ubao hata mmoja wa siku ya kwanza, na wenye nyumba hawaoni ajabu yoyote kuiita nyumba ya babu. (Kwa msomaji wa Lamu, miaka 40 si ukongwe hata kidogo. Katika mji ambao mlima umeushukia mara mbili katika muda wa miaka 20, ni umri wa heshima.) Tukiuliza uasilia wa nyumba hiyo uko wapi, jibu haliwezi kuwa katika mbao zenyewe.

Tuitazame basi nyumba yenyewe. Goma imekaa juu ya miamba michanga ya volkano, kando ya Ziwa Kivu, katika kimo cha mita 1,500 hivi. Sehemu kubwa ya mji haina udongo wa kufaa kufinyanga kiambaza wala kufyatua matofali, na kuchimba shimo la nguzo au la choo ni kazi ya nyundo na mtaimbo. Ardhi hiyo ndiyo iliyoamua umbo la ujenzi. Kwanza hupangwa msingi wa mawe meusi ya volkano, ulioinuliwa juu ya usawa wa uwanja ili maji ya mvua yapite. Juu ya msingi hulazwa miti ya kukalia, na juu yake husimamishwa fremu. Kisha mbao hupigiliwa kwa ulalo, kila mmoja ukiufunika kidogo ule ulio chini yake ili maji yateleze. Paa ni la mabati. Ndani, kwa sababu usiku wa Goma ni wa baridi, kuta aghalabu hufunikwa kwa kadibodi, karatasi au mbao nyembamba za tabaka. Nje hupakwa rangi au oili chafu ya magari dhidi ya mvua na wadudu. Mbao hizo hufika mtaani kwa chukudu, kile chombo cha mti chenye magurudumu mawili ambacho kimekuwa alama ya mji.

Umbo la pembe nne lina historia yake. Nyumba nyingi za asili za wakulima wa nyanda hizi zilikuwa za duara, zenye paa la nyasi. Nyumba ya pembe nne, yenye baraza mbele na ua nyuma, ilisafiri katika karne ya 19 pamoja na misafara ya waungwana kutoka pwani kupitia Ujiji hadi Kasongo na Nyangwe, kwa njia zile zile zilizokieneza Kiswahili ambacho wakoloni walikuja kukiita Kingwana. Baadaye utawala wa Kibelgiji ulipendelea mitaa iliyonyoka na viwanja vilivyopimwa, na umbo hilo likafaa. Hatudai kwamba nyumba ya Majengo ni nyumba ya pwani iliyovishwa mbao. Nguzo, fito na makuti vimetoweka, na fremu ya misumari ni ufundi mwingine kabisa. Kilichobaki ni mpangilio: baraza la kumpokea mgeni kabla hajaingia, na ua ambamo jamaa kadhaa hupika, hufua na kugombana.

Mpangilio huo sasa umo hatarini, na hatari yenyewe imeanzia katika msamiati. Makaratasi ya ofisi huzigawa nyumba katika madaraja: ya kudumu, iliyojengwa kwa matofali au saruji, ya nusu kudumu, na ya mbao, ambayo huhesabiwa kuwa ya muda tu. Mgawanyo huu, uliotafsiriwa kutoka Kifaransa, una meno. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huimarika anapokiendeleza kiwanja chake. Anayejenga kwa saruji huonekana ameendeleza. Anayebadilisha ubao uliooza huonekana amekaa tu. Mjane aliyeachiwa nyumba ya mbao katika kiwanja kinachotamaniwa na jirani hahitaji kuelezwa maana ya neno muda. Sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali za utamaduni, kwa upande wake, ilifikiria zaidi vitu vya kale na kazi za sanaa, na ni vigumu kuona jinsi nyumba ya namna hii ingepata nafasi ndani yake.

Kwa maoni yetu, mgawanyo huo umekosea hata kwa kipimo chake wenyewe. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja na kuua watu katika vijiji vya kaskazini mwa mji. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, ikaharibu karibu asilimia 13 ya mji na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Katikati ya mji palikuwa na majumba ya kudumu ambayo ghorofa zake za chini zilifukiwa, na uwanja mpya ukawa mahali palipokuwa dirisha. Watu walianza kujenga juu ya lava kabla haijapoa vizuri. Mashirika ya misaada yaligawa miti ya fremu, mabati na maturubai, na taratibu mbao zikachukua nafasi ya maturubai. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Mkondo mmoja ulisimama upande wa Buhene, ukingoni mwa mji, baada ya kuteketeza maelfu ya nyumba. Watu wasiopungua 30 walikufa. Mamia ya matetemeko yakafuata, barabara na kuta za mawe na matofali zikapata nyufa, na tarehe 27 Mei mamlaka ikaamuru mitaa 10 ihamwe, Majengo ukiwa mmojawapo.

Mbele ya lava nyumba ya mbao haina kinga. Huwaka kabla haijaguswa. Lakini mbele ya tetemeko fremu nyepesi huyumba na kurudi, wakati ukuta mzito usiofungwa vizuri hupasuka. Na baada ya msiba, nyumba hiyo ina sifa ambayo saruji haina: inafunguka. Mbao, mabati, milango na hata misumari huondolewa, hupakiwa kwenye chukudu na kusimamishwa penginepo. Nyumba hurudi kuwa majengo kwa ile maana ya pili, kisha huwa majengo kwa maana ya kwanza.

Jambo hili si geni kwa Waswahili. Majengo ya Mombasa yalikua katika utaratibu uitwao nyumba bila ardhi: mtu alikuwa na nyumba yake, aliiuza, aliirithisha, huku akilipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, ambaye angeweza kumtaka aondoke. Mwanachuoni Richard Stren aliandika kwa kirefu juu ya siasa za makazi za mji huo katika kitabu chake cha mwaka 1978. Mombasa ni mwenye ardhi, na Goma ni dola na mlima. Lakini kote kuwili nyumba imefikiriwa kama mali inayoweza kutengana na udongo unaoibeba.

Hatupendi kuipamba nyumba ya mbao kupita kiasi. Moto wa jiko la makala au wa waya mbovu huweza kumaliza safu nzima kabla ya maji kufika. Mwizi hahitaji zaidi ya chuma cha kung'olea misumari. Anayetaka kujenga kwa mawe ana haki, na pengine ana fedha. Tunachopinga ni ukarabati wa nusu nusu unaoua sifa za nyumba ya mbao bila kuleta za saruji. Mfano ulio mbaya zaidi ni wa kumwaga saruji kuzunguka miguu ya kuta ili nyumba ionekane ya kudumu: miti ya kukalia hunaswa katika unyevu, huoza, na fremu nzima huinama. Ni kosa lile lile la saruji juu ya matumbawe ya Zanzibar, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka hapo. Mfano mwingine ni baraza. Likizibwa kuwa chumba cha kupangisha au duka huleta kipato, nasi hatumlaumu mwenye nyumba. Ila mgeni sasa huingia moja kwa moja sebuleni, na ua ulio nyuma hubeba yote yaliyokuwa yakifanyika mbele.

Wakazi waliporuhusiwa kurejea mwezi Juni 2021, wengi walikuta nyumba zimesimama, milango imevunjwa au mbao zimelegea. Kazi ya fundi katika hali hiyo huanzia chini. Hukagua kwanza kama msingi umepasuka, kisha miti ya kukalia, kisha hupita ukutani akigonga ubao baada ya ubao kwa nyundo, akitenga ule unaoshika msumari na ule usioushika tena.